Slaidi na negativu za zamani: jinsi ya kuziingiza kwenye kompyuta kwa gharama nafuu, ukiwa Arusha au Moshi

Wiki ya kwanza usinunue chochote. Shusha lile bati la biskuti lililo juu ya kabati, toa bahasha zote za studio, vibweta vya slaidi na mikanda iliyoviringishwa, kisha hesabu. Swali la "skana gani ni nafuu" halijibiki mpaka ujue una vipande vingapi, ni vya ukubwa gani, na vingapi vinastahili kazi hii. Mwenye slaidi 80 za babu na parokia yenye slaidi 3,000 za miaka ya sitini hawawezi kushauriwa kitu kimoja.

Kitambue ulichonacho

Slaidi ni picha chanya: ukiiinua kwenye mwanga unaona rangi zake kama zilivyo. Imebanwa kwenye fremu ya karatasi ngumu au plastiki ya sentimita 5 kwa 5, na picha yenyewe ni milimita 24 kwa 36. Negativu ni kinyume chake: penye mwanga huonekana giza na penye giza mwanga. Za mkanda wa milimita 35 (hapa tutauita mkanda wa 35) zina matundu kingo zote mbili na kwa kawaida zimekatwa vipande vya picha 4 hadi 6. Za rangi zina utando wa rangi ya chungwa, za nyeusi na nyeupe zina kijivu. Ukikuta negativu pana, takriban sentimita 6, zisizo na matundu, huo ni mkanda wa 120 na picha zake huwa sentimita 6 kwa 6 au 6 kwa 9. Vipande vidogo kama ukucha, milimita 13 kwa 17, ni vya mkanda wa 110. Andika idadi ya kila aina, kwa sababu mashine kadhaa zinazosifiwa hupokea mkanda wa 35 peke yake, na aliyesahau za 120 hujikuta ananunua mara mbili.

Soma fremu za slaidi. Zilizoandikwa Kodachrome zitenge. Filamu hiyo ilitengenezwa kuanzia 1935 hadi 2009, na ikitunzwa gizani rangi zake hudumu kuliko za karibu filamu nyingine zote za rangi. Ina tabia moja itakayokugharimu ukiipuuza, na tutaifikia kwenye suala la vumbi. Slaidi nyingi za Ektachrome na Agfa za zamani zimegeuka nyekundu kwa sababu rangi ya samawati ndani yake hufifia kabla ya nyingine. Hizo zinarekebishika kwa kiasi, usizitupe. Fremu nyingi za Kodak pia zimegongwa muhuri wa mwezi na mwaka wa kusafishwa. Nakili tarehe hiyo, lakini kumbuka mkanda uliweza kukaa ndani ya kamera miezi mingi kabla ya kupelekwa. Picha yenyewe husaidia kubana tarehe: slaidi ya ndege ikiwa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, haiwezi kuwa ya kabla ya 1971.

Sasa nusa. Bati likitoa harufu ya siki, filamu ya asetati (aina ya plastiki) imeanza kuoza. Tindikali inayotoka huambukiza filamu jirani, na hatua inayofuata ni filamu kujikunja na kupasuka. Zinazonuka zitoke kwenye boksi leo, zikae peke yake ndani ya bahasha ya karatasi mahali penye hewa, na ziwe za kwanza kupigwa. Hizi ndizo zenye haraka. Nyingine zote zimesubiri miaka arobaini, zinaweza kusubiri mwezi mwingine.

Chuja kabla ya kulipa

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, na ndipo watu wengi huparuka. Kwa slaidi, fungua ukurasa mweupe kwenye laptopu, ongeza mwanga hadi mwisho, shika slaidi mbele yake na uitazame kwa kioo cha kukuzia. Kama huna kioo hicho, lenzi ya milimita 50 ya kamera ukiigeuza nyuma mbele inafanya kazi hiyo vizuri sana.

Negativu ni ngumu kusoma kwa macho, lakini simu ina ujanja. Kwenye mipangilio ya ufikivu washa kipengele cha kugeuza rangi, fungua kamera, elekeza kwenye negativu iliyo mbele ya mwanga mweupe. Sura za watu zitajitokeza papo hapo kwenye skrini. Ukipiga, faili itabaki negativu, kwa hiyo ujanja huu ni wa kutazama tu. Unatosha kabisa kutofautisha harusi ya shangazi na picha kumi na mbili za mbuzi wasioonekana vizuri.

Gawa mafungu matatu: lazima, labda, hapana. Picha tano za tukio moja, chagua mbili. Mandhari isiyo na mtu wala jengo iende "labda", isipokuwa picha za Kibo, kilele cha Kilimanjaro: barafu ya juu imepungua sana, na slaidi ya miaka ya sabini yenye tarehe ni ushahidi, si pambo. Mara nyingi fungu la "lazima" huishia kuwa theluthi moja ya boksi au chini yake. Tuseme una picha 600 na studio imekutajia shilingi 1,000 kwa picha: bila kuchuja unalipa 600,000, ukibaki na 180, unalipa 180,000. Jioni mbili za kutazama zimekuokolea 420,000.

Unahitaji ubora kiasi gani

Kipimo ni dpi, yaani pikseli kwa kila inchi ya filamu. Kwenye picha ya mkanda wa 35, dpi 2,400 za kweli zinatoa pikseli karibu 3,400 kwa 2,270. Hizo zinatosha kusafisha picha ya sentimita 20 kwa 30 ya kuning'iniza sebuleni. Dpi 3,200 hadi 4,000 zinafikia karibu kila kilichomo kwenye filamu iliyopigwa kwa kamera ya kawaida ya familia. Juu ya hapo unakuza chembe za filamu na kujaza diski.

Zingatia neno "za kweli". Namba iliyoandikwa kwenye boksi la skana si ile inayotoka. Epson Perfection V600, skana ya mezani inayojulikana sana, inatangazwa kuwa na dpi 6,400, lakini kwenye filamu inatoa undani wa takriban dpi 1,500. Ukiiwekea 6,400 utapata faili kubwa mno yenye undani uleule. Wapimaji wamelisema hilo miaka mingi, wauzaji hawalisemi.

Njia zilizopo, na nani aifuate ipi

Simu juu ya skrini nyeupe haina gharama, na kwa picha ya kutuma kwenye grupu la ukoo inatosha. Inua filamu sentimita 4 au 5 juu ya skrini, la sivyo vidoti vya skrini vitatokea kwenye picha kama chandarua. Tatizo la simu ni kwamba haikaribii vya kutosha: filamu inachukua sehemu ndogo ya picha na zinazobaki ni pikseli chache.

Visanduku vidogo vyenye skrini, unavyochomeka slaidi na kubonyeza kitufe, vina kasi kweli. Ndani yake kuna kamera ndogo, na namba kama "megapikseli 22" mara nyingi hupatikana kwa kuzidisha pikseli za sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) ndogo zaidi. Hutoa JPEG tu (faili ya picha iliyobanwa), na slaidi yenye jua kali na kivuli kizito hutoka na anga jeupe lisilorudishika. Kama una mamia ya picha za kawaida, huna kamera wala subira ya kompyuta, kisanduku si ujinga. Ila usikitumie kwa zile ishirini bora.

Skana ya mezani inafaa sana kwa mwenye negativu za 120, kwani eneo lake kubwa linafidia udhaifu wa dpi. Lakini lazima iwe na taa kwenye mfuniko. Printa ya ofisini yenye skana haina taa hiyo, na ukiweka negativu utapata mstatili mweusi. Ukikuta skana ya mtumba, fungua mfuniko na kagua mambo manne: dirisha refu la mwanga chini ya kitambaa au bamba jeupe la kutoa, vishikio vya plastiki vya filamu, maana bila hivyo filamu hukaa kwenye kioo na kutengeneza miduara ya upinde wa mvua, taa ya mfuniko kuwaka ukiiwasha, na maandishi kwenye adapta. Adapta iliyoandikwa 100V au 120V tu itaungua ukiichomeka kwenye volti 230 zetu. Tafuta iliyoandikwa 100–240V, au ununue nyingine yenye volti na ampea zilezile za kutoa. Kama kompyuta mpya haiitambui skana ya zamani, programu ya VueScan inaendesha mashine nyingi zilizotelekezwa na watengenezaji wake.

Skana maalumu ya filamu, kama Plustek OpticFilm 8100 au 8200i, inatoa undani unaozidi dpi 3,000 za kweli. Hupokea mkanda wa 35 tu, na unasukuma kishikio kwa mkono picha moja baada ya nyingine, dakika moja hadi tatu kila moja. Kwa picha 150 ni sawa. Kwa 2,000 ni adhabu. Ukiiagiza nje, kwenye hesabu yako ongeza nauli, ushuru wa forodha na VAT, ndipo ulinganishe bei.

Studio nayo isidharauliwe. Chini ya picha 50 ni nafuu kuliko kununua mashine, mradi uulize kabla: wanatumia mashine gani? Dpi ngapi? Watakupa TIFF (faili kubwa isiyopoteza undani) au JPEG? Watakata vipande vya negativu? (Jibu sahihi ni hapana.) Wape picha 10 za majaribio, na ndani yake weka moja ngumu yenye sura nyeusi mbele ya anga angavu. Ukiona macho kwenye sura hiyo na mawingu kwenye anga, wape zilizobaki. Ukitoka Moshi kupeleka Arusha au kinyume chake, boksi likae mapajani, si kwenye buti linalochemka.

Na kuna njia ya kamera. Kwa yeyote anayeweza kuazima kamera ya lenzi za kubadilishwa, iwe ya mpwa anayepiga harusi au ya shule, hii ndiyo inayotoa ubora mkubwa kwa pesa ndogo. Kamera ya megapikseli 24, ikijazwa na picha ya mkanda wa 35, inafikia takriban dpi 4,000. Hata mtindo wa miaka kumi iliyopita unatosha. Sehemu inayofuata ni ndefu kwa sababu hiyo.

Kujenga kituo cha kupigia kwa kamera

Lenzi kwanza. Lenzi ya makro (ya kupigia vitu kwa karibu sana) ni bora, lakini lenzi ya milimita 50 pamoja na mirija ya kurefusha inafanya kazi. Mirija haina kioo ndani: inaisogeza lenzi mbali na sensa ili iweze kuona karibu. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya urefu wa mirija kwa milimita za lenzi. Kamera nyingi za bei ya kati zina sensa ndogo yenye upana wa milimita 22 hadi 24, na filamu ina 36, kwa hiyo unahitaji ukuzaji wa karibu 0.65. Mirija ya 12 na 20 ikiunganishwa ni 32. 32 kwa 50 ni 0.64. Imetosha. Kwa sensa kubwa ya milimita 36 unahitaji ukuzaji wa 1, yaani mirija ya karibu 50: chukua 36 na 12. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera iache; pembeni hulegea na mistari hupinda.

Tahadhari kuhusu mirija ya bei ya chini kabisa isiyo na nyaya ndani: kwa lenzi zinazoendeshwa na umeme, kama za Canon EF, hutaweza kubadili tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga, huandikwa f/8, f/11 na kadhalika). Litabaki wazi kabisa na pembe za picha zote zitakuwa na ukungu. Nunua yenye vishikizo vya umeme, au tumia lenzi ya zamani yenye pete ya kuzungusha tundu kwa mkono.

Mwanga. Taa bapa ya LED ya video inayotumia USB ni nzuri, hasa kwa sababu inaendeshwa na pawabanki umeme ukikatika. Tafuta iliyoandikwa CRI (kipimo cha uhalisi wa rangi chini ya taa) 95 au zaidi. Taa duni hukosa sehemu ya rangi nyekundu na ngozi za watu hutoka kama majivu. Juu yake weka kipande cha akriliki nyeupe ya maziwa cha milimita 3. Wachonga mabango mjini hubaki na vipande kama hivi kila siku, na cha ukubwa wa daftari kinatosha. Acha sentimita 5 kati ya taa na akriliki ili mwanga utawanyike, kisha sentimita 3 kati ya akriliki na filamu, ili vumbi la kwenye akriliki lisionekane.

Kishikio. Kwa slaidi, fundi seremala akate kwenye plaiwudi nyembamba nafasi ya milimita 51 kwa 51 na dirisha la 40 kwa 40 chini yake. Kwa negativu, tumia kadi nyeusi mbili zilizogundishwa zikiacha mfereji wa milimita 35 na dirisha la 26 kwa 38. Dirisha liwe kubwa kidogo kuliko picha, kwani utahitaji kuona ukingo mtupu wa filamu. Funika kwa kadi nyeusi eneo lote la akriliki linalobaki.

Nguzo. Tripodi ambayo nguzo yake ya kati inageuzwa kichwa chini inatosha. Ukitaka kuchongesha mkono wa mbao, jihadhari na skrubu: tundu chini ya kamera ni la robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Bolti ya M6 ya duka la vifaa vya ujenzi inafanana nayo na itaingia mizunguko miwili kisha itaharibu nyuzi za kamera ya watu. Nunua bamba la tripodi lenye skrubu yake.

Sasa upigaji:

1. Zima taa za chumba na funga mapazia. Mwanga unaoangukia filamu kutoka juu hufanya weusi kuwa kijivu, na kosa hili huonekana baada ya kazi yote kuisha.

2. Weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa filamu, washa skrini ya kamera, tafuta taswira ya lenzi yenyewe. Sogeza kamera mpaka tundu la lenzi liwe katikati kamili ya picha. Hapo kamera na filamu vimelingana. Bila hatua hii upande mmoja wa picha utakuwa mkali na mwingine umefifia, na utalaumu lenzi bure.

3. Weka RAW (faili ghafi ya kamera), ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), tundu f/8. Chini ya f/5.6 filamu iliyojikunja haitashikwa yote. Juu ya f/11 undani huanza kupotea.

4. Spidi ya shata iwe 1/15 au polepole zaidi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za ukutani humemeteka mara 100 kwa sekunde. Spidi kubwa inakuletea mistari ya giza. Tumia taima ya sekunde 2 na upigie kwa kutazama skrini ili kioo cha ndani kisitikise kamera. Nyumba iliyo kando ya barabara ya malori, ngoja lipite.

5. Fokasi kwa mkono. Kuza skrini mara 10 na zungusha mpaka uone chembe za filamu zenyewe, si ukingo wa sura. Rudia kila picha 20 hivi, maana slaidi za fremu za karatasi huvimba zikipata joto.

6. Piga mwanga mtupu bila filamu, utumie picha hiyo kuweka mizani ya nyeupe. Kwa negativu za rangi, piga pia kipande cha mkanda kisicho na picha.

7. Mwangaza: angalia histogramu (mchoro wa kamera unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia). Isogee kulia bila kugonga ukuta. Kwa slaidi nzito piga mara mbili, moja ya kawaida na nyingine yenye mwanga mara nne.

8. Upande. Uso unaong'aa uelekee lenzi, ndipo picha itoke isiyogeuzwa. Ukiona namba za magari zinasomeka kinyume, umeweka upande wa emalsheni, yaani utando wenye picha.

Wawili wakishirikiana, mmoja akipuliza vumbi na kupanga, mwingine akibonyeza, slaidi zaidi ya mia kwa saa si ajabu.

Vumbi na kuvu

Hii ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo inayoshusha picha nyingi. Vumbi la Arusha wakati wa kiangazi ni laini na linakwaruza. Kwa hiyo usilipanguse likiwa kavu kwa kitambaa, hata cha miwani. Tumia kipuliza cha mpira cha mkono, kisha brashi laini ambayo haijawahi kugusa rangi wala vipodozi. Usipulize kwa mdomo: tone la mate likikauka ni doa la kudumu. Piga deki chumba nusu saa kabla, zima feni, vaa glovu za pamba. Siku baada ya mvua ni nzuri kuliko siku ya upepo.

Skana zenye kuondoa vumbi kwa mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho) hufanya maajabu kwa negativu za rangi na slaidi za kawaida. Kwa nyeusi na nyeupe halisi zizime: fedha iliyomo huzuia infraredi, na mashine itadhani nyuso ni vumbi na kuzifuta. Kodachrome nayo mara nyingi inasumbua kwa namna hiyo, huacha kingo za ajabu kwenye nywele na miwani. Ndiyo sababu tulizitenga mapema. Hizo zinasafishwa kwa kipuliza na subira.

Kuvu ni mashina meupe kama utando wa buibui, na nyumba za Moshi zenye joto na unyevu wa masika huizalisha kwa wingi. Hapa kanuni ni moja: maji yasiguse. Kuvu ikila jelatini ya filamu (utando unaobeba picha), jelatini hiyo huyeyuka kwenye maji, na picha inaondoka na kitambaa. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni ya asilimia 70, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji, kwa hiyo nayo hapana. Tafuta pombe ya isopropili ya asilimia 99, inayotumiwa na mafundi simu kusafishia bodi. Jaribu kwanza kwenye ukingo usio na picha, kisha pamba kidogo, kwa mwelekeo mmoja, bila kusugua. Kama rangi inabaki kwenye pamba, acha mara moja na uipige ilivyo. Slaidi yenye kuvu ipigwe kabla ya kusafishwa na baada ya kusafishwa. Wakati mwingine ile ya kwanza ndiyo bora.

Kugeuza negativu kuwa picha

Programu za bure zinatosha. Kwenye darktable, zima kwanza moduli (vifaa vya ndani ya programu) za filmic na sigmoid, weka mizani ya nyeupe kutoka ile picha ya mwanga mtupu, kisha fungua negadoctor, moduli ya kugeuza negativu. Kwa kitone chake cha kuchagulia rangi chagua ukingo mtupu wa mkanda ili programu ijue rangi ya chungwa ya msingi, halafu nenda mstari kwa mstari kutoka juu kushuka. Usianze chini. Ukimaliza picha moja, nakili mipangilio kwa mkanda mzima, kwani mkanda mmoja huwa na tabia moja. RawTherapee nayo ina kifaa cha negativu, chepesi zaidi lakini kisichotoa nafasi kubwa ya marekebisho.

Slaidi zilizogeuka nyekundu, fungua viwango vya rangi na ushughulike na nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake: vuta ncha za kushoto na kulia mpaka ziguse mwanzo na mwisho wa kilima cha histogramu. Kisha tafuta kitu kinachojulikana kuwa cheupe. Sare ya shule, kanzu, au theluji ya Kibo ya saa tano asubuhi. Theluji ya jioni usiitumie, hiyo kweli ilikuwa ya waridi na utaharibu picha kwa kuinyoosha.

Majina, nakala na kurudisha mahali

Faili zisibaki DSC_0412. Anza na mwaka, kisha mahali, tukio na namba: 1974_Marangu_harusi_017. Usipoujua mwaka andika 197x. Namba hiyohiyo iandikwe kwa penseli kwenye fremu ya slaidi au bahasha ya negativu, ili mtu aweze kurudi kwenye asili. Majina ya watu yatafute kwa wazee sasa: fungua picha kwenye laptopu, weka simu ikirekodi, mwache bibi azungumze. Ukituma kwenye WhatsApp, tuma kama hati, si kama picha, vinginevyo faili inabanwa na undani uliougharamia unapotea.

JPEG ya ubora wa 90 hadi 95 ina takriban megabaiti 10, kwa hiyo picha 1,000 ni gigabaiti 10. Kwa zile bora hifadhi pia RAW au TIFF. TIFF ya biti 16 kutoka kamera ya megapikseli 24 inafika megabaiti 144, hivyo usiifanye kwa zote. Nakala moja kwenye diski ya nje nyumbani, nyingine kwenye diski iliyo kwa ndugu wa mji mwingine, ya tatu mtandaoni kama bando linaruhusu. Flashi ni ya kubebea tu.

Filamu zenyewe zisitupwe baada ya kupigwa. Ziweke kwenye bahasha za karatasi isiyo na tindikali au mifuko ya polipropilini, si albamu za PVC zinazonata. Zikae kwenye kabati la ndani, si ukuta wa nje unaopata mvua, si juu ya jiko, na paketi za silika zibadilishwe kila baada ya masika. Zile zilizokuwa na harufu ya siki ziendelee kukaa peke yake, bila kufungiwa kwenye plastiki, na uzinuse tena kila baada ya miezi sita.